Kigelegele cha Nusaiba

Maji yaliingia bondeni asubuhi, taratibu, kama mgeni asiyetaka kuamsha watu. Nusaiba alisimama ukingoni mwa konde lao akayatazama. Yalipita katikati ya mpunga bila kelele, yakauinamisha kidogo, na nyuma yake wakaja samaki wadogo, weupe, wakizungukazunguka baina ya mashina kana kwamba hapo ndipo kwao. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, na hilo ndilo lililomuumiza. Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua. Ukishanywa chumvi, basi tena.

"Usiyatazame sana, yatakuchukua," alisema bibi yake, Bi Mwatima, kanga kaipandisha magotini. "Njoo tuwahi huku juu."

Bonde hilo la Kisiwa Panza lilikuwa la wanawake. Wanaume walikwenda kuvua, wanawake wakalima mpunga, na mama akizeeka alimwachia binti yake konde. Lakini bahari ya miaka hii si ile waliyoizoea. Kila bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, huvuka pale ambapo mikoko imekufa, yakaingia mpaka kwenye mpunga. Wanawake walitaka kitu kimoja tu, tuta la kuziba pale mahali. Na tuta hilo lilikuwa limewaponyoka kwa kosa la Nusaiba.

Nusaiba alikuwa na haya. Mtu mzima akimsalimu, aliitikia huku akitazama vidole vya miguu. Skuli aliiacha njiani, na tangu hapo aliona maneno ni mali ya wengine. Ila alijaaliwa kigelegele. Kilianza chembamba, kikapanda, kikakaa juu huko kwa muda, mpaka mtu akajikuta ameinua kichwa kukitafuta. Arusi za Panza zilimsubiri yeye. Na kwa wanawake wa pale, kukiacha kigelegele cha mwenzio kianguke peke yake ni aibu. Mmoja akianza, wote hudakia, hata aliyekuwa anasinzia. Kuulizana kinachoshangiliwa ni baadaye.

Siku ile ya mkutano wa mwanzo, Bwana Zubeir, afisa wa mambo ya tabianchi, alikuja kutoka Pemba kubwa na kusimama mbele, ndani ya ukumbi wa skuli. Wanaume walikaa kwenye mabenchi. Wanawake walitandika majamvi nyuma kabisa, karibu na ukuta, ambako sauti ilifika ikiwa vipande vipande. Nusaiba alisikia "bahari inapanda", akasikia "kina mama ndio wanaoumia", kisha macho yake yakawa mazito. Akaliona bonde. Mpunga umesimama, wa kijani, upepo unaupapasa, na bahari iko nje ya tuta imetulia kama mnyama aliyefungwa. Akasikia, kwa mbali, "…basi tutajenga ukuta." Kigelegele kikamtoka kabla hajajua. Wenzake wakadakia, ukumbi mzima ukavuma.

"Alhamdulillahi," alisema Sheha, Mzee Pandu. "Kina mama nao wameridhia."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa dikoni, pale wanapofikia wavuvi.

Tangu siku hiyo wanawake walimcheka, lakini kicheko chenye mchanga ndani yake. "Koo lako hilo, shoga," Rahma, jirani yake, alimwambia walipokuwa wakipalilia, "litatufanya tule magome ya mikoko." Walipokwenda kwa Mzee Pandu kumweleza, alifungua mikono. "Wanangu, mimi nifanyeje? Mlishangilia wenyewe. Afisa kasikia, wanaume wamesikia." Hawakuwa na mtu wa kuwasemea ndani ya kamati ya kijiji, iliyopanga ujenzi. Kamati ilikuwa ya wanaume watupu.

Sasa, katika bamvua hiihii, Bwana Zubeir alikuwa anarudi. Vigingi vya kupimia ukuta vilishafika, vimerundikwa nje ya skuli, na baada ya mkutano vingekwenda kupigwa dikoni. Kigingi kikishaingia ardhini, alisema Bi Mwatima, hata mtume wa kuking'oa hapatikani. Kisha akaomba msamaha kwa Mola kwa ulimi wake.

"Mimi nitasema," aliwaambia wenzake. "Na wewe, mjukuu wangu, leo mdomo uufunge."

Bwana Zubeir alizungumza vizuri, kwa upole. Alimaliza, akatabasamu, akatazama nyuma kwenye majamvi. Mzee Pandu naye akatazama. Kigelegele hakikuja. Kimya kile kilikuwa kizito na cha ajabu, Nusaiba akahisi kama kimejaa maji, na wote wamekaa chini yake wakingoja nani atapumua kwanza. Mabenchi yalilia, wanaume wakigeuka mmoja mmoja.

"Nusaiba!" Mzee Pandu aliita kwa mzaha. "Leo umemeza nini, mwanangu? Mgeni anakungoja."

Wanaume wakacheka. Bi Mwatima akashika jamvi ili ainuke, lakini aliyeitwa hakuwa yeye. Nusaiba alijiona amesimama. Kanga aliiuma kwenye pembe ya mdomo, kisha akaitoa.

"Siku ile sikushangilia diko," alisema.

"Sema tusikie!" mtu akapaza sauti kutoka benchi la mbele. Alikuwa Silima, mvuvi, mwenye domo kubwa kuliko ngalawa yake.

"Sikushangilia diko!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nilikuwa naota. Niliona bonde limezibwa, mpunga umepona. Nikashangilia hilo. Hawa wenzangu walinifuata mimi tu, hawakuridhia kitu. Kosa ni langu, lakini njaa itakuwa ya wote."

"Ati alikuwa anaota!" Silima alipiga paja. "Na vyombo vyetu je? Bamvua iliyopita ngalawa yangu imevunjwa mbavu pale dikoni. Hiyo si ndoto, dada yangu."

"Wewe Silima," Bi Mwatima alidakia akiwa bado amekaa, "huo wali unaoshindilia kila mchana unauvua kwa ndoana?"

Kicheko kikapanda, hata wale wa Silima wakacheka. Bwana Zubeir aliinua mkono. Alisema hawezi kuwaficha, fedha zilizopo zinatosha kujenga mahali pamoja tu. Yeye hachagui, wanaochagua ni wao, lakini kama nusu ya watu hawajachagua basi hakuna kilichochaguliwa. Akawaomba kina mama wasogee mbele. Majamvi yakakunjwa, yakatandikwa tena kati ya mabenchi, na watu wakajikuta wanatazamana usoni, jambo ambalo hawakulizoea wakiwa mkutanoni.

Walibishana mpaka adhana ya adhuhuri ilipokaribia. Silima hakutaka kulegeza kamba. Nusaiba alimwangalia, akaona kwamba hata yeye anaogopa, anaogopa bahari ileile.

"Kaka Silima," alisema, safari hii polepole. "Bamvua ikija, si mnahangaika kwa kuwa mikono ya kuvuta vyombo ni michache? Sisi tutakuja. Wote. Tutavivuta mpaka juu kwenye minazi, kila bamvua, mpaka na diko lenu lipate ukuta wake."

"Wanawake wavute ngalawa?"

"Magunia ya mpunga tunabebewa na nani?" alisema Rahma.

Silima alikuna kidevu. "Haya, tuta liende bondeni," alisema mwishowe, na wavuvi wenzake wakaitikia. "Lakini mtu asije na viatu vya kisigino."

"Na kwenye kamati tuwemo," alisema Bi Mwatima. "Si kuitwa. Kuwemo." Mzee Pandu aliinamisha kichwa, akasema na iwe.

Baada ya sala walikwenda bondeni wote. Maji yalikuwa yamejaa, mbingu imelala ndani yake, na mtu hakujua vizuri wapi nchi inaishia. Mikoko mikavu ilisimama kama inasikiliza. Silima alibeba vigingi begani, akavuka upande wa pili, maji yakimfika kiunoni, akawa mdogo kule mwangani. Akasimamisha kigingi cha kwanza.

"Hapa?" aliita.

Watu wote walimgeukia Nusaiba. Alitazama njia ambayo maji huipita kila mara. Akajaza pumzi.

"Sogea kushoto!" alisema, na sauti yake ikavuka maji, ikamfikia. Silima akasogea.