Marehemu Akaanga Mahamri

Jumanne asubuhi Kache alifariki dunia huku akigeuza mahamri karaini, naye mwenyewe hakuwa na habari. Habari zililetwa na Kaviha, aliyetokea uchochoroni amejitanda leso, akiangua kilio.

"Ole wetu watu wa Mikindani! Mahamri magumu kama yale tutayapata wapi tena?"

Wateja walishtuka, kisha wakacheka. Kaviha alikuwa mtani wa Kache, ukoo kwa ukoo tangu enzi za mababu, na mtani ana haki ya kumsuta marehemu msibani. Kumlilia marehemu angali anakaanga lilikuwa jambo jipya, lakini mtani hakasirikiwi.

"Nyamaza nawe! Si huyu hapa mimi?"

"Msikieni! Hata kufa kwenyewe anabisha."

Kaviha hakutaja maradhi wala hospitali. Utani nao una heshima zake. Wote wawili walikuwa wakichukua dawa za virusi vya Ukimwi katika kliniki moja, mwaka wa saba huu. Huko muuguzi Mwanarehema alikuwa amemsihi Kache mara nne apimwe saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa wenye virusi huweza kuipata mapema kuliko wengine. Mara zote nne Kache alikuwa na harusi ya kwenda.

Kaviha alipoinama kujichukulia hamri la matanga, Kache alimnong'oneza, "Jumba lile lilishanipa habari mbaya mara moja. Ya pili sitaiweza."

"Hii ya pili ikiwahiwa, huondolewa. Haya, vaa viatu. Ama kesho nije na wapiga ngoma?"

Kache aliwafikiria wapiga ngoma, jinsi wanavyokula. Akazima jiko.

Kule kliniki, Mwanarehema alimpaka Kache dawa ya kipimo yenye harufu ya siki, akamulika. Kache alihesabu mbao za dari. Alifika kumi na moja.

"Kuna kidoa cheupe. Si saratani, ila ukikiacha chaweza kugeuka. Nikichome sasa hivi kwa kifaa cha joto?"

"Leo leo?"

"Ni dakika mbili tu, dada yangu."

Kache alipotoka, Kaviha alisimama wima. "Vipi?"

"Kimechomwa. Nirudi mwakani kuangaliwa."

Kaviha alifungua kinywa atoe utani, ukakataa kutoka. Yakatoka machozi ya kweli. Akina mama wa foleni, wakidhani mgonjwa ni yeye, walimsogezea kiti wakimwambia pole, kipimo hakiumi. Kache, tumbo likimkata kidogo kwa kule kuchomwa, alisimama kando akimpepea kwa kadi ya kliniki.