Kumkatia Mtu Simu

Mtu akikupigia simu, hukati. Unamsikiliza, mnaulizana hali, mnaagana, na yule aliyepiga ndiye anayefunga. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, ingawa nilipolelewa kwetu hakukuwa na simu. Kulikuwa na wageni tu, na mgeni hafungiwi mlango akiwa bado anasema.

Tena nina sababu nyingine. Binti yangu Jumwa yuko Riyadh, anafanya kazi katika nyumba ya watu. Simu yake inakaa na mama mwenye nyumba, naye humpa akijisikia kumpa, na mara nyingi hajisikii. Kwa hivyo Jumwa hunipigia kwa simu za watu, leo ya mpishi wa jirani, kesho ya dereva. Nambari anayoijua kwa moyo ni moja tu, hii yangu, aliyoihifadhi tangu akiwa shule. Laini hii ikipotea, Jumwa hana pa kupiga, na mimi sina pa kumtafuta. Ndiyo maana nambari ikija bila jina mimi huipokea mbio kuliko zile zenye majina.

Alasiri hiyo nilikuwa uani kwangu, hapa mtaani Shika Adabu, nakaanga viazi karai vya kuuza. Viazi nilikuwa nimevichemsha na kuvikata, rojo la unga nimelikoroga na bizari ya manjano na chumvi, mafuta yamepata moto. Ukifika hapo huwezi kuondoka, kwa sababu kiazi cha kwanza kikiungua mafuta yote yanashika harufu. Simu ikalia. Nambari haikuwa na jina. Nikaipokea kwa kidole chenye rojo, nikawasha spika na kuiweka juu ya ndoo niliyoipindua.

Alikuwa mwanamume, kijana kwa sauti. Alisema shikamoo, nikamwitikia marahaba. Akauliza habari za nyumbani, nami nikamweleza, maana aliuliza. Nilimweleza habari za goti, na za bomba la maji lisilotoa maji, hadi akanikatiza. Akasema anaitwa Absalom, ni fundi wa kampuni ya simu, na anazungumza na Dama Karisa. Ni mimi hasa. Akasema mashine zao zimeonyesha kwamba simu yangu imeingiwa na virusi.

Nikamuuliza virusi hao wanakula nini. Fukusi hula mahindi na mchwa hula mbao, kila mdudu ana chake. Akasema hawa wanakula laini, wanaanzia ndani wakija nje, na kabla ya jioni laini yangu itakuwa imekwisha. Aliposema hivyo niliacha kutia viazi.

"Usiogope, mama," akasema. "Simu yako naiona hapa kwenye mashine yangu. Naiona yote."

Nikamuuliza kama anaiona kuwa ni chafu, maana rojo lilikuwa limeteremka hadi upande wa chaji. Akasema naam, imejaa uchafu, na uchafu huo ndio wenyewe. Hapo nikamwamini kidogo.

Akanieleza kazi ilivyo. Ataniletea meseji yenye nambari, mimi nimsomee, naye atasafisha akiwa huko huko aliko. Nisikate simu hata kidogo, kwa sababu nikikata katikati ya kazi, laini itajifunga na haitafunguka tena. Alilirudia neno hilo, kwamba nisikate. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi sijapata kumkatia mtu.

Meseji ikaingia kweli. Nikafuta mikono kwenye leso, nikaenda ndani kuchukua miwani, nikarudi, nikageuza viazi vilivyokuwa vimeshapata rangi, kisha nikasoma. Mimi nilifika darasa la saba na husoma polepole, lakini sipitishi neno. Pale palikuwa na nambari, na chini yake maneno. Nikamsomea maneno kwanza.

"Imeandikwa hapa, usimpe mtu yeyote nambari hii."

"Ndiyo, mama. Usimpe mtu."

"Basi na wewe?"

"Mimi si mtu, mama. Mimi ni kampuni."

Nikalifikiria jibu hilo huku naopoa viazi. Halikuwa jibu baya. Lakini nilikuwa nimeshikwa na hamu ya kujua mashine yake inaona mpaka wapi, nikamuuliza kwenye uso wa simu yangu pana picha gani.

"Pana picha yako, mama. Umependeza sana."

Pana picha ya maporomoko ya maji. Yalikuja na simu kutoka dukani, na mimi sijui kuyatoa.

Nilijua basi kuwa ni mwongo. Kilichonizuia kukata ni kwamba mwongo naye anaweza kuwa na ufunguo. Huenda hawezi kuiona simu yangu lakini anaweza kuifunga, nami nitakaa hapa na viazi vyangu huku Jumwa anapiga asisikie chochote. Nambari sikumsomea. Nikamwambia miwani ina ukungu wa mafuta, asubiri. Akasubiri. Kila mara akiuliza kama ukungu umetoka, nikamwambia bado kidogo.

Ndipo akaingia Pascalia, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, binti wa bara anayefanya kazi kiwandani Changamwe, siku hiyo alikuwa ametoka mapema. Akasimama mlangoni na viatu mkononi, akasikiliza, kisha akanionyesha kwa vidole viwili kama mkasi. Nikatikisa kichwa. Akaja akachutama karibu na jiko, akaninong'oneza sikioni, naye huniita shosh, yaani bibi.

"Shosh, kata. Huyo ni mkora."

Nikamnong'oneza kwamba najua ni mkora, lakini bado tunazungumza. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua lakini kwanza tumalize chai. Akauliza kwa hivyo namngoja nini. Nikamwambia namngoja tuagane.

Nikajaribu kuagana naye. Nikamwambia Absalom nimefurahi kumfahamu, nina kazi ya jikoni, awasalimie nyumbani. Hakuitikia. Akasema nambari, mama, soma nambari. Nikamuaga mara nyingine, nikamtajia na inshallah, akasema laini inajifunga sasa hivi, anaiona ikijifunga. Sijapata kumwona mgeni anayekataa kuagwa. Pascalia alikuwa ameuma kitambaa cha kichwa chake asicheke. Mimi nikaiinua simu kutoka kwenye ndoo.

"Mwanangu Absalom," nikasema, "nakukatia simu. Nakuambia mapema, usije ukasema nilikuvunjia heshima."

Nikakata.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumwomba Pascalia anipigie. Alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yanagusana, na simu ikalia, nikaipokea, tukasalimiana. Laini ilikuwa nzima. Nikamwomba apige tena, akapiga. Kisha akatafuta nambari ya kampuni yenyewe, ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya laini, si ile aliyopigia Absalom, tukawapigia sisi. Walitupigia muziki hadi viazi vikapoa. Mwishowe akaja msichana mwenye adabu, akasema hawana fundi anayewapigia watu kuwaomba nambari za meseji, na hakuna laini inayojifunga eti kwa sababu mwenyewe kakata simu. Kilichotakiwa ni zile nambari. Ningezisoma, laini ingehamia kwenye simu ya Absalom, na Jumwa akipiga angemjibu Absalom.

Nilikaa na neno hilo muda mrefu. Kwamba Jumwa angesema "mama", na Absalom angeitika.

Pascalia akanipa sheria, akasema tangu leo nambari isiyo na jina nisiipokee. Nikamuuliza je, Jumwa? Akachukua kiazi.

Kwa hivyo niliendelea kupokea, ila sasa nilikuwa nakata. Absalom hakukata tamaa. Kesho yake alipiga kwa nambari nyingine, kisha akapiga mkubwa wake, ambaye sauti yake ilifanana na ya Absalom aliyeziba pua. Wote walianza vivyo hivyo, "Mama, usikate." Nami nikakata. Mara ya kwanza baada ya ile ya viazi niliomba radhi kabla ya kukata. Baadaye niliacha kuomba. Kidole kilizoea, na nisiseme uongo, kilianza kupenda.

Ijumaa, nikiwa nachambua mchele, simu ikalia kwa nambari ngeni. Nikapokea. Mwanamume, anahema.

"Mama, usikate, subiri kid..."

Nikakata. Ikalia tena. "Mama, tafadhali, usi..." Nikakata, nikarudi kwenye mchele. Haikulia mara ya tatu, nikaona nimemweza.

Pascalia aliporudi jioni nilimsimulia, nikitaraji sifa. Akaichukua simu, akaitazama ile nambari, na uso wake ukabadilika. Akanigeuzia kioo, akanionyesha jinsi inavyoanza. Haikuanza kama nambari za kwetu. Ilianza kama zile zote za Riyadh.

Nilijua Jumwa huiba dakika chache tu wakati wenye nyumba wamelala mchana. Nilijua pia kwamba anaweza kukaa mwezi asipate simu ya mtu. Nilisema tupige. Pascalia akasema haifai, hatujui simu iko mikononi mwa nani saa hii, isije ikamtia mtu matatani. Akasema nambari hiyo ina watsapu, nirekodi sauti niitume, mwenyewe ataisikiliza akiwa peke yake. Nikamuuliza na kama ni Absalom je? Akasema kama ni Absalom atakuwa amesikia sauti ya bibi tu, nambari hatumpi.

Nikaishika simu karibu na mdomo. Nikasema mimi ni mama wa Jumwa, wa Shika Adabu. Nimekukatia simu mara mbili leo. Kama wewe ni mwongo, yaishie hapo. Kama umetumwa na mwanangu, nakuomba radhi, mwambie mama yake yupo na laini ipo.

Usiku ule jibu halikuja. Jumamosi halikuja. Pascalia alikuwa akipita uani anaitazama simu juu ya ndoo. Nilikaanga viazi, nikavitia chumvi mara mbili, wateja wakanivumilia.

Jumapili, tumetoka kanisani, ikaingia sauti. Pascalia akaibonyeza. Alikuwa Jumwa, anazungumza chini chini, na nyuma yake maji yanamwagika kwenye karai.

"Mama, shikamoo. Yule ni Suleiman, dereva wa hapa, mtu wa Lamu. Ijumaa alipiga yeye kwanza, akipata ndipo akimbie kuniletea mlango wa jikoni. Amesema mama yako mkali." Akacheka, kisha akaacha. "Nilisimama pale mlangoni, mama, nikadhani umepatwa na jambo."

Nikarekodi na mimi. Nilimsimulia yote, Absalom, virusi, rojo, maporomoko, msichana wa kampuni. Pascalia alinifanyia ishara nifupishe lakini sikufupisha. Mwishoni nikamwambia sijui sasa nifanyeje, nikipokea kila mtu nitaibiwa, na nikikata nitamkata yeye.

Jibu lake lilikuja baada ya chakula.

"Kata, mama. Hata ukinishuku mimi, kata. Mtu wako hakasiriki, atapiga tena. Na kuanzia sasa atakayekusemesha kwanza ni mimi, si mtu mwingine."

Amelishika hilo. Nambari ngeni ikilia napokea na sisemi kitu. Nisiposikia sauti ya Jumwa nakata, bila radhi wala salamu, narudi kwenye kazi yangu. Absalom ameniacha, au amebadilisha jina. Suleiman nimempelekea salamu nyingi na kumwambia sina kinyongo naye, lakini bado ananiogopa. Jumwa anasema siku hizi Suleiman humpa yeye simu kabla haijaanza kuita.