Kawa la Bi Maisara

"Basmati," alikata shauri Bi Shemsa, "na nyama ya ng'ombe. Mtu katoka mbali, hatumpi mchicha."

"Wifi, mtu huyo anakuja kutazama njaa."

"Njaa ina mlango wake wa uani. Mgeni hupitishwa ukumbini."

Wanawake waliokaa barazani wakacheka, na shauri likawa limekwisha. Bi Maisara, aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa mpunga wa Mwachaleni, hakucheka; lakini hakupinga tena. Bi Shemsa alikuwa dada mkubwa wa marehemu mumewe, na neno lake katika kijiji lilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia.

Viwavijeshi walikuwa wameingia bondeni mwanzoni mwa masika. Walikuja kama jina lao: safu kwa safu, wakila majani mpaka ukiwasikia wanavyotafuna. Mabonde ya chini yalibaki vijiti. Ushirika ukaomba msaada kwenye mfuko mmoja wa kimataifa, ulioanzishwa baada ya nzige kuangamiza mashamba na malisho ya nchi za kaskazini, na ambao sasa uliwasaidia wakulima wadogo dhidi ya wadudu waharibifu wa kila namna. Waliomba mitego ya kunasia nondo, mabomba ya kunyunyizia dawa na mbegu za kupandia upya. Haja ilikuwa ya haraka. Viwavi wakishashiba huingia ardhini, hutoka wakiwa nondo, na nondo hutaga mayai mapya. Kizazi cha pili kingeikuta ile miche ya mabonde ya juu iliyosalia, na hapo Mwachaleni isingevuna hata punje.

Mkaguzi wa mfuko huo akaja, na wanawake wakamstahi kama walivyolelewa. Njia zilifagiliwa. Asubuhi na mapema walipita mabonde ya juu wakiokota viwavi kwa mikono na kuwatia ndoo, mpaka mpunga ukawa kama haujaguswa. Mkaguzi alipouliza habari za mabonde ya chini, Bi Shemsa alimjibu kwa upole kwamba njia ya huko ina matope, na viatu vyake ni vizuri. Kisha wakamkalisha kwenye busati, wakamfunulia pilau.

Alikuwa mtu wa Garissa, jina lake Ridhwan, mrefu, mtaratibu wa kusema. Alikula, akashukuru.

"Kwetu nzige walipopita hakikubaki hata kivuli," alisema. "Alhamdulillahi, nyinyi hamjafika huko."

Hapo ndipo Bi Maisara alipopaswa kusema. Alitazama sinia, akatazama nyuso za wenziwe zilizojaa haya na fahari kwa pamoja, akamwongezea mgeni pilau.

Jibu lilikuja kwa simu. Aliyepiga alikuwa Nurbanu, binti wa Kihindi wa Mji Mkongwe, aliyesimamia shughuli za mfuko huo hapa Unguja.

"Shikamoo, Bi Maisara. Nnakupa habari kabla hujaisikia kwa mwengine. Bwana Ridhwan ameona bonde lenu limesalimika. Fedha zitakwenda penye dhiki zaidi. Yeye anaondoka leo jioni."

"Marahaba, mwanangu. Mzuie."

"Nimzuie vipi, Bi Maisara?"

"Mwambie watu wa Mwachaleni wanamletea chakula cha njiani. Mwungwana hakikimbii chakula."

Alichukua sinia lake la shaba na kawa la ukindu la kufunikia chakula alilosukiwa na mama yake, lile la rangi nyekundu na zambarau ambalo halikutoka kabatini ila kwa harusi. Akateremka bonde la chini akiwa peku. Aliporudi, sinia likiwa kichwani limefunikwa, Bi Shemsa alikuwa amesimama njiani.

"Nshasikia," alisema Bi Shemsa. "Unakwenda kutuvua nguo mbele ya watu."

"Nnakwenda kusema kweli, wifi."

"Kweli ya nyumba haitembezwi mjini! Mama yetu alikufa hana kitu, na jirani hakujua."

"Jirani hakujua, ndiyo maana akafa," alijibu Bi Maisara. Hakuwahi kumwambia wifi yake neno kama hilo. Alimpita kwa heshima, upande wa kushoto, akaenda zake.

Alishuka kwenye daladala Darajani, mjini, akaingia vichochoroni. Kawa la harusi, mchana wa siku ya kazi, haliwezi kupita kimya.

"Bi mkubwa! Harusi ya nani hiyo, mbona hatukualikwa?" alimwita muuza kahawa mmoja.

"Ya viwavi. Nenda kanywe kahawa yako."

Ofisini, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe, Nurbanu alimpokea sinia akaliweka mezani. Bwana Ridhwan alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake. Alitabasamu, akanawa mikono, kwa kuwa alijua adabu: aletewaye ndiye afunuaye. Akashika kawa kwa kishungi chake, akaliinua.

Chini yake palikuwa na vijiti vya mpunga vilivyong'olewa na mizizi, vimetafunwa mpaka mashinani. Na juu ya vijiti hivyo, na chini yake, na ukingoni mwa shaba, viwavi walikuwa wakitambaa. Mmoja alishuka mezani, akashika njia kama mwenye safari yake.

"Yallah!" Nurbanu aliruka nyuma.

"Ndicho chakula cha Mwachaleni," alisema Bi Maisara. "Ile pilau ilikuwa ya dukani."

Bwana Ridhwan aliliweka kawa kando, taratibu mno. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Kwa hiyo mlinidanganya."

"Tulikudanganya. Na mimi ndiye mwenyekiti."

"Juzi mlinionyesha neema, leo mnanionyesha maangamizi. Wakulima wengine wanausubiri msaada huu huu, nao hawakunificha kitu. Mimi nijue vipi kwamba leo ndiyo kweli? Vijiti hivi waweza kuving'oa popote."

Bi Maisara hakulitarajia swali hilo. Alikuwa amejitayarisha kwa aibu, hakujitayarisha kutoaminiwa. Na swali lilikuwa la haki.

"Usiniamini," alisema. "Twende sasa hivi, bila ya kumpigia mtu simu. Shika njia utakayo. Piga hodi nyumba utakayo, tazama chungu utakacho. Ukikuta pilau, nenda zako, nami sitanyanyua tena mdomo wangu."

Mkaguzi aliitazama saa yake, akamtazama yule kiwavi aliyekuwa amefika ukingoni mwa meza.

"Bi Nurbanu," alisema, "gari lipo?"

Walifika Mwachaleni wakati wa alasiri. Bwana Ridhwan alishuka, akatazama huku na huku, akaichagua nyumba yenye ua uliofagiliwa kuliko zote.

"Ile."

Ilikuwa nyumba ya Bi Shemsa.

"Hodi!"

Bi Shemsa alitoka ndani, kanga yake ya kazini kiunoni, akawakuta wageni wamesimama uani, mbele ya jiko la kuni na chungu kimoja. Upesi alisogea, akakikinga kwa mwili wake. Macho yake hayakumwendea mkaguzi. Yalimwendea Bi Maisara.

"Ndiyo kazi uliyokwenda kuifanya mjini?"

"Ndiyo, wifi."

"Mama," alisema Bwana Ridhwan, "naomba nitazame chungu hicho. Ukikataa, nitaondoka, wala sitakulaumu."

Kuni zilitatarika. Bi Maisara alitamani kusema, kusihi, hata kupiga magoti; akajizuia. Kilichobaki hakikuwa chake kukifunua.

"Chungu changu hafunui mwanamume," alisema Bi Shemsa hatimaye. Akainama, akaondoa kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Ndani palikuwa na muhogo, maji na chumvi. "Ndicho cha mchana, na ndicho cha usiku. Kuku wangu wote walikwenda sokoni Mwanakwerekwe wakarudi mchele, ule ulioula wewe. Haya, umeona?"

"Nimeona, mama."

"Hujaona. Vua hivyo viatu vyako vizuri. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe."

Akampa jembe kwelikweli, akatangulia kwenda bonde la chini. Aliposimama, aliamrisha: "Chimba hapo." Bwana Ridhwan akachimba, na udongo ukatoka na vijigamba vya kahawia, vimejaa kama kunde ghalani, kila kimoja na nondo wake akingoja. Akachimba pengine, yakawa yale yale. Akakung'uta mikono.

"Taarifa nitaiandika upya," alisema. "Siahidi kwamba mtapata yote mliyoomba. Na nitaandika kwamba mlinificha."

"Andika," alisema Bi Maisara. "Na jina langu uliweke hapo."

"Na langu," alisema Bi Shemsa, bila ya kugeuka.

Sinia lilikuwa limesahauliwa mjini. Lilirudi kabla ya nondo kutoka, mikononi mwa Nurbanu mwenyewe, limefunikwa kwa kawa lake. Maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu, naye amezaliwa kisiwa hiki hiki. Bi Shemsa ndiye aliyefunua. Akatoa kidubwasha cha plastiki chenye kifuniko cha kijani, akakigeuza na kukinusa.

"Hiki nacho kinapikwa vipi?"

"Ni mtego wa nondo, Bi Shemsa," Nurbanu alicheka. "Mingine imo garini. Mabomba ni nusu ya mliyoomba. Mbegu bado nnazipigania."

"Tutazipigania sote," alisema Bi Maisara. Alikwisha kujifunga kanga kiunoni. "Twendeni tukaitundike. Tunaanza na mabonde ya juu?"

"Ya chini," alisema Bi Shemsa. "Kando ya ile njia ya matope, kila apitaye aone."