Tarehe Nne ya Mzee Cleophas

Sikukuu ya uhuru wa Marekani, nne Julai, saa tatu asubuhi, Bupe alikuwa kwake Eagan akinywa chai huku akiangalia mitambo ya kazini kwenye kompyuta, mara ujumbe wa mgonjwa ukaingia: "Nimefika. Mbona pamefungwa?"

Mtumaji: Mzee Cleophas. Yule waliyemzika Mei.

Jamani! Chai yote ikamwagikia mapajani. Bupe ndiye aliyeandika programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kliniki moja ya Saint Paul miadi yao, kila mtu kwa lugha yake. Maneno aliyageuza Kiswahili safi, tarehe akaisahau. Ikabaki ya Kimarekani, mwezi mbele. Daktari wa moyo alimtaka mzee Aprili saba. Simu ikamwandikia 04/07. Mtanzania gani asome Aprili hapo? Mzee akajua ni nne Julai, akatulia. Moyo haukufika Julai.

Kosa lenyewe Bupe aliligundua wiki ya msiba. Akalirekebisha kimyakimya, mstari mmoja tu. Watu walinong'ona jikoni kwamba mzee alipuuza miadi. Yeye akainamia sahani yake ya pilau, akala. Tangu siku ile kila tarehe aliyoiona ilimsuta.

Aliendesha gari hadi kliniki. Mlangoni ameketi Mama Doris, mjane wa mzee, kavaa nguo za kanisani, simu ya marehemu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema mume wangu alikuwa mzembe. Nimekuja niwaonyeshe. Siku yake si ndiyo leo? Hebu soma."

Angeweza kusingizia kompyuta. Akapiga magoti kwenye saruji.

"Mama, ilikuwa Aprili. Tarehe niliiandika mimi, vibaya. Mzee hakupuuza. Na nilijua tangu msibani."

Mama Doris aliisoma tena ile 04/07.

"Kumbe ulijua," alisema, "na pilau yangu ukala."

Bupe alilia. Mama Doris hakumbembeleza.

"Wengine walioandikiwa hivyo ni wangapi?"

Lo! Alirekebisha ujumbe mpya tu. Uliokwisha kutumwa hakuugusa. Akaichukua kompyuta garini, akaifungua palepale. Majina thelathini na moja. La kwanza, Byamungu, 07/09. Miadi yake ilikuwa Jumatano ijayo, naye bila shaka alikuwa akingoja Septemba.

Mama Doris akamkabidhi simu ya marehemu.

"Mpigie kwa hii."