Aasen Bado Ana Zamu

Mimi ni karani wa usharika wa Kilutheri wa Nordby, huku Dakota Kaskazini, na aliyeligundua kosa katika vitabu vyetu ni mimi. Sikulitafuta. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tupige kura ya kufunga kanisa, kwa kuwa tumesalia washarika kumi na mmoja, nami nilitaka vitabu vya muhtasari viende dayosisi vikiwa vimepangwa vizuri.

Katika kitabu cha mwaka 1934 nilisoma hivi: “Ajenda ya nne, jiko la kuni la kupashia kanisa joto. Knut Aasen akasimama, akasema: Ndugu zangu, kabla hatujanunua jiko hilo—” Kisha mwandiko unabadilika: “Ng’ombe wa Halvor wameingia kwenye ngano. Wote wametoka.”

Basi. Hakuna sala ya kufunga. Nilipekua kurasa zilizofuata, nikarudia mara tatu. Mwaka uliofuata walianza ajenda mpya kana kwamba hakuna kilichotokea. Na katiba yetu inasema wazi: mkutano uliofunguliwa kwa sala hufungwa kwa sala, wala jambo jipya halijadiliwi kabla lililotangulia halijaisha.

Siku ya kura nikawasomea.

“Ngoja, Karani,” akasema Mchungaji Dagny, ambaye anahudumia sharika tano na huvaa saa mbili za mkononi. “Unasema tumekuwa mkutanoni tangu 1934?”

“Ndiyo, Mchungaji.”

“Ndiyo maana nimechoka hivi,” akasema Mama Verna.

“Yaani mimi nimeoa katikati ya mkutano?” akauliza mumewe.

“Na hukuomba ruhusa kwa mwenyekiti,” akamjibu Verna.

Mwenyekiti wetu, Milford Haugen, hakucheka. Yeye ndiye aliyeitaka kura hiyo, wala simlaumu. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akifukua theluji mlangoni peke yake, na mgongo wake haunyooki tena. “Haya,” akasema, “tumalize hiyo ya jiko, tufunge kwa sala, tupige kura. Nani alikuwa anasema?”

“Knut Aasen.”

“Knut yuko makaburini tangu 1951!”

“Katiba haijataja kifo,” nikasema. “Ila benchi lake amelirithi mjukuu wake.”

Wote tukageuka. Orrin Aasen hulima ngano, na kwa siku husema maneno matatu, mawili akimwambia mbwa. Mkewe, Lorna, amezikwa nyuma ya kanisa. Kila Jumapili baada ya ibada Orrin huchukua kikombe cha kahawa, akaenda kusimama naye mpaka kahawa iishe. Mtu aliyetaka kulinunua jengo alikusudia kuweka humo mbegu za alizeti na kufunga kwa kufuli geti la kuingilia makaburini. Orrin alilijua hilo.

Sasa akasimama. Akaliegemea jiko.

“Kuhusu jiko,” akasema.

Tukangoja. Mchungaji akatazama saa ya kwanza, kisha ya pili.

“Endelea, bwana Orrin.”

“Nafikiri.”

“Unafikiri nini?”

“Babu alisema, kabla hatujanunua. Nataka kujua kabla ya kununua alitaka tufanye nini.”

“Jiko lilinunuliwa zamani, bwana wee!” Milford akapaza sauti. “Umeliegemea hapo!”

Orrin akaligeukia, akalitazama, akatoa mkono wake juu yake kwa adabu, kama mtu aliyegundua ameshika mali ya wizi.

“Basi lilinunuliwa kinyume cha katiba,” akasema.

Hayo yote pamoja yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiyasema siku moja.

“Umemaliza?” akauliza Mchungaji. “Nina ibada nyingine saa tano na nusu.”

“Bado.”

Mtu akiwa na zamu ya kusema mkutanoni hanyang’anywi. Hilo nalo limo katika katiba. Kwa hiyo hatukufunga, tuliahirisha hadi Jumapili iliyofuata. Nayo ilipofika Orrin akasimama, akasema, “Mlango wa jiko unafunguka kushoto,” akaketi, kisha akachukua kahawa yake akaenda nyuma.

Huu ni mwaka wa tatu. Aliyetaka jengo alinunua ghala kwingine. Washarika tumekuwa kumi na wanne. Hao watatu wapya walikuja kusikia kama atamaliza.

Januari hii nilimkuta Milford mlangoni, theluji imemfika magotini, Orrin amesimama mbele yake.

“Niambie kweli, Orrin. Utamaliza lini? Maana mimi nimekwisha.”

Orrin akatazama upande wa makaburi, akafikiri kwa muda wake wa kawaida.

“Bado niko kwenye utangulizi,” akasema.

Kisha akanyoosha mkono, akamtoa Milford chepe mikononi, akaanza kufukua. Milford alibaki amesimama, hajui mikono yake aiweke wapi.

“Anza upande wa kushoto,” akamwambia mwishowe. “Kulia kuna ngazi.”