Vichwa Vitatu vya Ammita

Tik. Kimya. Tik. Kimya tena, halafu tik, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina watu.

Mwalimu wa Fizikia alikuwa amesimama barazani, mgongo ukutani, chini ya dirisha la maabara. Kanuni ya mtihani wa vitendo, hata huu wa majaribio, ilimkataza mwalimu wa somo kuingia ndani. Wanafunzi wake thelathini na sita wa kidato cha nne walikuwa chini ya msimamizi kutoka shule jirani. Lakini masikio hayana kanuni. Aliitambua sauti ile. Ilikuwa swichi. Mtu alikuwa anaiwasha na kuizima, na mezani pake hapakuwa na kitu kinachomtii.

"Zimebaki dakika ishirini," msimamizi akasema mle ndani.

Tik.

Walipotoka, msimamizi, mama mcheshi aliyefundisha somo hilo miaka mingi, alimvuta pembeni.

"Baba, watoto wako karibu wanivunje mbavu. Ammita si ina vichwa vitatu vya kufungia waya? Kimoja cheusi, viwili vyekundu. Nusu ya darasa wamefunga waya kwenye vyekundu vyote viwili! Sasa mshale utakwendaje? Cheusi ni lazima, kisha unachagua chekundu kimoja: cha umeme mdogo au cha umeme mkubwa. Hivi hawajawahi kuishika?"

"Wameishika sana," Mwalimu akajibu. "Wazembe tu hao. Unawajua watoto wa siku hizi."

Uongo ulitoka laini. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa ameijua kazi ya kichwa cha tatu.

Wanafunzi walimwita Chaki, naye jina hilo alilionea fahari. Alikuwa na mkono wa ajabu. Aliweza kuanza duara ubaoni, akageuka kumkemea mtu wa nyuma, na duara likafunga bila yeye kulitazama. Ammita yake, kile kipimo cha mkondo wa umeme, ilikuwa duara safi lenye herufi A katikati, waya mmoja unaingia, mwingine unatoka. Basi. Ubaoni hapakuwa na kichwa cha tatu.

Vifaa vilipofika mwaka uliotangulia, makasha kumi na mawili yenye harufu ya upya, Mkuu wa shule alimkabidhi ufunguo wa kabati. "Haya, tumelia vya kutosha. Vitumie." Mchana uleule Mwalimu alijifungia maabara, akatoa ammita moja, akaigeuza huku na huku, akaviona vile vichwa vitatu. Hakujua cha tatu ni cha nini. Chuoni walikuwa wakikaa kumi na wawili meza moja. Wenye viwiko vya kusukumana waliunganisha waya, na yeye, mwenye hati nzuri, aliandika majibu. Miaka miwili yote aliandika majibu. Hati ile ndiyo iliyompa cheti.

Je, mwanafunzi akiuliza? Na darasani alikuwamo binti mmoja waliyembandika jina la Wakili, ambaye kuuliza kwake kulikuwa kama kupumua.

Akarudi kwa Mkuu. "Hawa watavivunja. Tuvitunze kwanza." Mkuu akakubali shingo upande. Tangu hapo kabati lilifunguliwa siku za wageni tu. Vifaa vilipangwa juu ya kitambaa cheupe, wanafunzi wakasimama kando mikono nyuma, wageni wakapiga picha, vikarudi kabatini. Wanafunzi waliita shughuli hiyo "kutoa heshima za mwisho". Walicheka, na lawama zote walimtupia Mkuu na ubahili wake. Mwalimu alizisikia. Akaziacha zimwendee Mkuu.

Sasa alikuwa anasahihisha. Karatasi nyingi zilikuwa nzuri kupita kiasi. Mshale ulipogoma, watoto walipika namba. Walijua mstari wa grafu unatakiwa unyooke, wakaunyoosha kwa rula. Karatasi ya Wakili peke yake ilikuwa na jedwali tupu, na chini yake sentensi moja: "Nimefunga saketi mara sita, mshale hausomi kitu cha maana, sijui kosa langu ni lipi." Pembeni aliichora ammita kama alivyoiona, na vichwa vyake vyote vitatu.

Akampa sifuri. Angempa nini? Lakini duara la sifuri hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, halikufunga vizuri.

Siku mbili baadaye Wakili aliingia ofisi ya walimu na mama yake, fundi cherehani, ambaye utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Walimu wengine walikuwa madarasani. Mama hakutaka kukaa.

"Mwalimu, nimeacha nguo za watu nimekuja kukuomba radhi. Mtoto kaniambia alivyokuaibisha mbele ya mgeni."

"Hapana, mama..."

"Acha nimalize. Tumekubaliana aache Fizikia. Majina ya mtihani wa mwisho yanapelekwa keshokutwa. Mimi nimeshatia sahihi. Imebaki yako."

Akaiweka fomu mezani. Wakili alikuwa anaangalia viatu vyake. Binti huyu alitaka chuo cha ufundi umeme tangu siku aliyoifufua pasi ya mama yake kwa wembe na kipande cha waya. Bila Fizikia, chuo hicho angekisikia redioni tu.

"Mbona umenyamaza leo?" Mwalimu akamuuliza.

"Mimi na vitu vya kushika hatupatani, Mwalimu. Nadharia naiweza. Mikono yangu ndiyo mijinga."

Kalamu ilikuwa tayari kati ya vidole vyake. Sahihi moja tu, na siri ingezikwa, na binti huyu angekuwa udongo wa kuifukia. Alijaribu kuandika herufi ya kwanza. Mkono ulioweza maduara ukakataa.

"Mikono yako haina kosa," akasema. Akaiweka kalamu chini. "Vifaa vilikuwapo mwaka mzima. Mkuu aliniambia nivitumie. Mimi ndiye niliyeomba vifungiwe."

"Wewe?" Wakili akainua uso. "Si tulijua ni Mkuu?"

"Mlidhani. Nami nikawaacha mdhani."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaniuliza kazi ya kichwa cha tatu. Sikuijua. Nimeijua juzi, siku ya mtihani wenu."

Mama akavuta kiti, sasa akakaa. "Subiri, baba. Mimi nina wasichana watatu wanajifunza kushona kwangu. Nikiwachorea cherehani ukutani mwaka mzima, halafu nikawakabidhi gauni la bibi harusi, wakaliharibu, mjinga ni nani?"

"Ni huyo mchoraji, mama."

"Mchoraji yupi?"

"Mimi."

"Haya. Na mimi nimefunga safari kukuomba radhi!"

Mwalimu hakuwa na pa kuyaweka macho. Matusi angeyapokea kwa nafuu.

"Ungesema tu hujui," Wakili akasema. Hakusema kwa ukali, na hapo ndipo palipouma. "Tungetafuta wote. Sasa wenzangu waliopika namba wanajiona wanajua. Baada ya wiki tisa, kwenye mtihani wa mwisho, mshale ukigoma, watapika tena. Utawaambia?"

Mama aliichukua fomu, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. "Hii ninayo mimi mpaka keshokutwa."

Mwalimu akasimama, kama mwanafunzi aliyeitwa kujibu.

"Kesho, kipindi cha kwanza, nitamwita Mkuu darasani. Mbele yake na mbele yenu wote nitasema kwa mdomo wangu kwamba aliyewanyima vifaa ni mimi, na kwamba nilivificha kwa sababu sikujua. Halafu kila mmoja atashika, wewe wa kwanza, na utakachoniuliza nisichokijua, nitasema sikijui. Nakuahidi, Wakili, na mama yako anasikia."