Siku Sindano Alipoendesha Kiraka

Tuambiane ukweli: lile halikuwa gari, ulikuwa mkutano wa vyuma visivyowahi kujuana. Injini ya dizeli ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka korongoni, wenyewe wakaisusa. Giaboksi ilikuwa ya gari jingine kabisa, ikafungwa kwa kulazimishwa, ndiyo maana gia zake zilikaa kinyume. Ukiingiza ya kwanza unarudi nyuma, utake usitake. Mlango wa dereva ulikuwa wa friji. Usibishe, wa friji, na mpira wake wa kuzuia baridi, ukiufunga unajibana taratibu kama umeweka maziwa ndani. Dumu la mafuta lilikaa nyuma ya kiti. Mtaa mzima ukaliita Kiraka, na aliyelitengeneza hakununa, akaliandika jina hilo ubavuni yeye mwenyewe kwa brashi.

Huyo aliitwa Fundi, basi. Kazi yake kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Na kama unadhani aliunda gari kwa kutafuta sifa, umepotea. Miaka kadhaa nyuma mkewe alishikwa na tumbo mchana kweupe. Mtaa wao uko juu kilimani, barabara imechimbwa na mvua hadi mawe yako nje, na teksi zikifika chini zinageuza. Wakamteremsha kwa mkokoteni wa kubebea saruji, Fundi akiuzuia usikimbie, binti yao akimshikilia mama kichwa kisigonge mbao. Walichelewa. Fundi alipanda kilima na mkokoteni mtupu, na tangu hapo akawa mtu wa kuokota: bolti hapa, rimu kule, kiti cha kinyozi aliyefunga duka. Watu wakasema kachanganyikiwa. Yeye alikuwa na jibu moja tu, kwamba wa kwake hatashuka tena kilima kile kwa mkokoteni.

Na Kiraka kikawaka kweli. Kikateremsha wajawazito, watoto wenye homa, na bibi mmoja aliyemeza meno yake ya bandia akaapa njia nzima kwamba hajameza kitu. Kiliondoka kwa kusukumwa, kilipiga kelele za mashine ya kusaga, lakini kilifika.

Tatizo lilikuwa moja. Hakuna aliyeruhusiwa kukiendesha isipokuwa Fundi. Binti yake, huyu tunayemwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, alikuwa mtu mzima mwenye cherehani yake barazani na wateja wake wa kutosha. Aliomba kufundishwa mpaka akachoka kuomba. Baba yake ng'o.

"Mama, hili lina akili zake," alikuwa akisema. Alimwita binti yake mama, kwa sababu alibeba jina la bibi yake.

"Na mimi sina akili zangu?"

"Unazo. Ndiyo maana nakwambia kaa nazo mbali."

Sindano aliamini anabaguliwa kwa kuwa ni mwanamke, na hilo lilimchoma kila siku. Kumbe wapi! Breki za Kiraka zilikuwa za kubahatisha, ukikanyaga mara moja ni kama umeomba radhi tu, mpaka uzipampu haraka haraka ndipo zishike. Fundi alijua kwamba ipo siku zitakataa, na akataka siku hiyo awe yeye juu ya kiti na si mtoto wake. Hayo alimwambia jirani yake peke yake, dereva wa lori aliyeitwa Tani Kumi. Binti mwenyewe hakuambiwa kamwe. Wanaume wengine, sijui nani aliwaroga, watakupenda mpaka mifupani halafu wakwambie upuuzi.

Asubuhi ya siku ile walikorofishana tena. Sindano alisema, "Haya, siku ukiugua wewe, atakayekushusha ni nani?"

"Mimi siugui. Nina mageti mawili ya watu hayajaisha."

Akacheka. Sindano hakucheka. Akamwekea chai mezani bila kumkaribisha, akatoka zake barazani kukanyaga cherehani kwa hasira, mpaka uzi ukakatika.

Jua lilikuwa utosini aliposikia nyundo imenyamaza. Kwanza hakujali. Halafu akasikia kitu kama beseni linaanguka, akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta baba yake amekaa chini, mgongo umeegemea gurudumu la Kiraka, mdomo umevutwa upande mmoja. Mkono wa kushoto ulilala juu ya paja kama si wake. Alitaka kusema kitu. Ulimi ukakataa, yakatoka mate na sauti isiyo na neno.

"Baba! Baba, niangalie!"

Alikuwa anamwangalia. Macho yalikuwa yake yaleyale, na hofu iliyokuwamo Sindano hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Akapiga simu hospitali. Sauti ikamjibu kwa upole kwamba gari la wagonjwa limekwenda mbali na litakaporudi watampigia. Litakaporudi! Kijana wa pikipiki akaja, akamtazama Fundi, akatikisa kichwa. Mtu asiyeweza kukaa wala kushika utampakiaje kwenye ule mteremko? Ndipo Tani Kumi akatokea mbio na fulana ya ndani, mdomo umejaa chakula, akasema, "Kiraka kiko hapa, tunasubiri nini? Mimi naendesha matela, hiki kitanishinda?"

Wakambeba Fundi, wakamkalisha kiti cha kushoto, kile cha kinyozi, wakamfunga kifuani kwa khanga. Majirani wakashika nyuma. Kiraka huegeshwa kikiangalia bondeni, hivyo hawakuhitaji nguvu nyingi. Kikashuka kidogo, Tani Kumi akaachia klachi, kikakohoa, kikasimama. Kimya. Fundi akaguna. Akaingiza mkono wake wa kulia, uliobaki mzima, chini ya dashibodi, akaanza kuminya kitu: kipampu kidogo cha kuvuta mafuta, ambacho hakuna mwingine aliyejua kipo. Akaminya, akaminya, jasho linamtoka. Wakasukuma tena na Kiraka kikanguruma, mtaa mzima ukashangilia.

Shangwe hazikudumu. Tani Kumi akaingiza gia, gari likarudi nyuma kwa kishindo, watu wakatawanyika, ukuta wa bafu la jirani ukamegeka kona. Fundi akauweka mkono wake juu ya mkono wa Tani Kumi, akausukuma kule gia iliko. Tani Kumi akafuata kidogo, kisha mkono wake ukaenda ulikozoea, na kile chuma kikapiga yowe. Wakajaribu tena, ikawa vilevile. Mkono ule umebadilisha gia maisha yake yote, ungeanzaje leo kuambiwa kulia ni kushoto? "Samahani kaka," Tani Kumi akasema, karibu alie. "Naupeleka, unarudi wenyewe."

Fundi akauondoa mkono wake. Akanyoosha kidole nje ya dirisha, moja kwa moja, kwa Sindano.

Sindano akadhani anaitwa aje kumshika. Akasogea. Fundi akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye usukani, kisha kwa binti yake tena. Kati ya watu wote waliokuwa pale, alimtaka huyu asiyejua kitu, kwa sababu mkono usiojua kitu haubishi.

"Baba mdogo, shuka," Sindano akamwambia Tani Kumi.

"Mwanangu, hili halina..."

"Nimesema shuka!"

Tani Kumi akashuka, akapanda nyuma, akamkumbatia Fundi mabega kupitia juu ya kiti ili asiangukie mbele. Sindano akajifungia mlango wa friji. Tani Kumi akamwonyesha klachi, mafuta, breki, basi, shule ikaisha. Sindano akaweka mkono wake wa kushoto juu ya gia, na wa baba yake ukaja juu yake, mzito, wenye moto, una makovu ya cheche kila mahali. Ukamsukuma. Akakanyaga klachi, akaenda ulikompeleka, gia ikaingia bila hata kusaga.

Wakashuka. Lo, ule mteremko! Sindano roho mkononi, mawe yanaruka, Tani Kumi nyuma amefumba macho anasali kila sala aliyowahi kusikia. Gari lilipoanza kukimbia, Fundi alimgonga gonga mgongo wa mkono, haraka haraka, ta-ta-ta-ta, na Sindano akaelewa papo hapo kwamba ni breki, akapampu mguu kwa mwendo uleule, zikashika. Kwenye kona ya korongo mkono ukamvuta kwenye gia nzito, Kiraka kikaguna na kupunguza. Hawakusemezana neno. Miaka yote ile ya ubishi, halafu baba anamfundisha binti yake gari kwa muda wa kuteremka kilima, kwa mkono mmoja, na binti anashika kila kitu mara ya kwanza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hana mkono wa kuyafuta.

Chini kuna daraja dogo, kisha barabara inanyooka. Walipolivuka daraja Sindano akasikia injini inalalamika, inataka gia nyingine. Akasubiri mkono umsukume. Haukusukuma. Ulikuwa umetulia tu juu ya wake. Basi akakanyaga klachi mwenyewe, akavuta anakodhani, na gia ikaingia laini.

"Baba, umeona?"

Aliogopa kutoa macho barabarani. Kulikuwa na baiskeli, mbuzi, watoto wa shule. Mbele ya soko akabadilisha tena, peke yake, na tena ikakubali. Jamani, tusimfiche: katikati ya balaa lile, Sindano alifurahi. Alifurahi moyo ukamjaa mpaka kooni. Mkono wa baba ukateleza taratibu kutoka juu ya wake, ukashukia kwenye kiti, naye akasema moyoni, ameniachia, kama mtu anavyoachia baiskeli ya mtoto aliyekwisha kujua. Akakaza usukani kwa mikono miwili na kupiga kelele kukishinda Kiraka, "Nimekwambia naweza! Nilikwambia, baba!"

Aliingia getini kwa hospitali akipampu breki, akasimama mlangoni kabisa, akaitoa gia. Manesi wakaja na machela. Yeye akaruka chini, akazunguka mbele ya gari anacheka na kulia pamoja, akamshika baba yake shavu. "Tumefika. Haya, tumefika, umesikia?" Nesi mmoja akamsogeza pembeni kwa bega, akaweka vidole viwili shingoni mwa Fundi, na hakuviondoa haraka.

Huko ndani hawakukaa sana. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa Sindano mwenyewe. Akamshika mkono, akamwambia pole sana, alikuwa ameshafariki alipofikishwa, amefia njiani.

"Njiani wapi?"

Daktari akadhani hajaelewa, akaanza tena kwa upole zaidi. Sindano akamkata.

"Nimeelewa, daktari. Baba amekufa. Nakuuliza, njiani wapi? Kabla ya daraja, au pale sokoni?"

"Dada yangu, hilo hatuwezi kulijua."

Akamgeukia Tani Kumi, akamshika fulana kwa ngumi mbili. "Baba mdogo, wewe ulimshika. Alikufa wapi? Niambie alikufa wapi!"

"Mwanangu," Tani Kumi akasema, mtu mzima analia kamasi zinamtoka, "nilifumba macho. Nilimsikia mzito, nikadhani amesinzia. Nisamehe, nilifumba macho."

Hicho ndicho kilichomkata Sindano vipande viwili, si kifo peke yake. Kama Fundi alikuwa hai pale sokoni, basi alimwona, aliridhika, na aliuondoa mkono wake kwa hiari yake. Kama alishakufa darajani, basi binti alikuwa akijisifu kwa maiti, na ile furaha yake aliifurahia huku baba yake anapoa ubavuni. Na wa kumwambia ni lipi kati ya hayo mawili hayupo. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akalia kwa sauti bila kujali nani anapita. Alililia ile chai ya asubuhi. Alimlilia baba yake kwa hasira, akimuuliza kwa nini hakumfundisha mapema, akiwa mzima, siku ambayo wangegombana na kucheka na kurudi nyumbani kula.

Hata hakujua amekaa pale kwa muda gani mlinzi wa getini alipokuja, kofia mkononi, anaona aibu hata kusema.

"Pole, dada. Samahani. Gari lako bado linanguruma pale mlangoni, moshi unaingia wodini. Tunaomba ulizime."

Gari lako. Alitaka kumsahihisha, akashindwa. Akanyanyuka, akatoka nje. Kiraka kilikuwa kinatetemeka palepale alipokiacha, khanga imeanguka sakafuni, dizeli inanuka. Akapanda, akajifungia mlango, akatafuta ufunguo. Hapakuwa na ufunguo. Akatafuta swichi, akapapasa chini ya dashibodi, akavuta waya mmoja, haukuwa wenyewe. Miaka yote aliyokaa na gari hili alijua linavyowashwa, maana mtaa mzima ulisukuma. Jinsi linavyozimwa hakuwahi hata kutazama, baba alikuwa akifanya kitu fulani tu, kelele zinakwisha, wanaingia ndani.

Mlinzi alikuwa anasubiri. Sindano akageukia kiti cha kushoto, mdomo ukiwa umeshafunguka, amuulize baba yake.